Dakika Iliyoungua

Baba hakuwahi kuitazama picha ile mwanzo hadi tamati,
ingawa aliionyesha Ngara kila Jumamosi kwa miaka tisa.
Kazi yake ilikuwa mwanga, si hadithi:
kutia mafuta, kusikiliza mashine ikikohoa,
kubadilisha mkanda kabla watu hawajapiga mbinja.
Mimi ndiye niliyeitazama, kwa tundu la ukutani
lenye upana wa sahani, nimesimama juu ya kreti ya soda.

Fundi wa saa. Mji usio na jina. Mvua.
Masikio yanamfia polepole, naye hamwambii mtu.
Huweka kiganja juu ya saa za watu
kama mama apimaye homa,
akajua ipi ingali hai na ipi imekwisha.
Kisha yule mkewe, mwenye koti la kijivu,
anasimama mlangoni na sanduku lake,
anasema neno. Sisi twalisikia. Yeye halisikii.

Hapo ndipo mkanda ulipokwama,
usiku mmoja wa Julai, baridi ya kupasua midomo.
Taa ikatoboa picha. Nilimwona mwanamke
akichemka kama maziwa, kuanzia shavuni.
Baba akachomoa waya ukutani
huku akitukana Kikisii chote alichorithi,
akakata kilichoungua, akaunga ncha kwa ncha.
Tangu siku hiyo fundi aliinua macho,
na kufumba na kufumbua: barabara tupu, mvua.

Dakika nzima ilikuwa imepotea.
Ngara haikudai kiingilio kirudishwe.
Ngara iliijaza.

Jumamosi iliyofuata Mogeni, muuza karanga,
akapaza sauti gizani, "Mshike mkono, mjinga wewe!"
"Aende! Aende zake!" akajibu Bi Sakina wa duka la vitambaa,
kikombe cha chai mkononi, chupa katikati ya magoti.
Makanika walioshuka kutoka Kirinyaga Road
waligonga viti kwa spana.
Karani mmoja wa benki alilia waziwazi
akasingizia moshi wa sigara, na hakukuwa na mvutaji.
Tulikuwa na majibu mia mbili na arobaini,
moja kwa kila kiti,
na siku za sikukuu, mengine ya waliokaa sakafuni.

Ukumbi sasa ni bohari ya matairi.
Baba yuko Nyamira, chini ya migomba.
Ile kreti, sijui.

Juzi Obare, mtoto wa kaka yangu, ameipata:
safi, imeoshwa mikwaruzo yote,
ndani ya simu isiyozidi kiganja.
Tukaketi kwangu Umoja, stima zimepotea,
uso wake na wangu vikiwa samawati.
Ilipokaribia, nikashika meza.
Fundi akainua macho. Mkanda haukuruka.

Na nimwambie nani? Hakuna kitu pale.
Hamshiki mkono. Hamfukuzi. Hasemi.
Anateremsha saa ya ukutani, anaitia ufunguo,
anazungusha mara saba, nilihesabu,
kisha anaiwekea kiganja na kungoja.
Mwanamke naye anangoja mizunguko yote saba.
Halafu barabara. Halafu mvua, ile ile.

Kwa hiyo tulikosea sote, miaka yote, kwa kelele.

"Shangazi, mbona kimya hivi? Sauti imekatika?"
Nikamwambia sauti iko sawa.
Ningemweleza vipi kwamba sikuisikia hiyo kimya,
kwamba Mogeni alikuwa amekwisha kuanza,
kwamba spana zilikuwa zinagonga,
na nyuma yangu, juu, mashine ilikohoa mara moja
na mtu akaituliza?

"Rudisha nyuma," nikasema. Akarudisha.
Fundi akainua macho.
Nikaweka kiganja juu ya kioo. Kilikuwa na joto.
"Shangazi," akasema Obare, "unaziba picha."